Sikio la Kushoto la Wilibrodi

Karatu, 4 Februari 2024

Shangazi Marsela, shikamoo.

Barua hii ikukute umekaa vizuri, na Mzee Emmanueli naye mgongo uwe umemwachia. Sisi hapa tupo. Mbaazi zimetoa maua, ng'ombe amezaa ndama jike, na mama mkwe alikuja kwa siku tatu akakaa wiki tatu. Leonida anakusalimu sana.

Naandika kwa kalamu kwa sababu ulinikataza kupiga simu. Sijasahau. Ulisema mtu anayepiga mara kumi na nne kwa siku moja kuuliza kama ini linaweza kuuma upande wa kushoto hastahili wewe ukwee juu ya lile jiwe la Digodigo kutafuta mtandao. Sawa. Lakini safari hii si ini.

Sikio langu la kushoto limeziba.

Lilianza kazini, nikiendesha gari kuwashusha wageni wa utalii kreta. Pale gari linapoteremka kutoka ukingoni masikio ya kila mtu huziba kidogo, unameza mate, yanafunguka. La kulia likafunguka. La kushoto likagoma, na leo ni wiki ya tatu. Sauti yangu naisikia ndani ya kichwa kama mtu anayeongea ndani ya simtanki. Nikitafuna mahindi ya kuchoma nasikia jeshi linapita. Nikiinama kufunga kamba za viatu, moyo unapiga sikioni, na nikishausikia nauhesabu, na nikiuhesabu unaongeza mwendo.

Nimesoma kwenye simu. Kuna magonjwa saba yanayoziba sikio moja. Matano yanaua. La sita halina dawa. La saba ni nta tu, hilo nikalivuka.

Ninajipima kwa kusugua vidole karibu na sikio, hili, kisha hili. Leonida amenihesabia: mara themanini kwa siku. Nimejaribu kulichokonoa kwa kijiti cha kiberiti na kwa unyoya wa kuku, ule laini wa chini ya bawa. Unasemaje, Shangazi? Wewe umekuwa nesi miaka yote hiyo.

Mwezi wa sita natimiza arobaini na moja. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Mwanao,
Wilibrodi


Digodigo, 19 Februari 2024

Mwanangu Wilibrodi, marahaba.

Barua yako imekaa siku nne chini ya kiti cha dereva wa basi pamoja na dagaa wa mtu, kwa hiyo niliinusa kabla ya kuisoma. Huku tu wazima. Zamu yetu ya maji ya mfereji imesogezwa, Mzee amegombana na jirani kwa ajili hiyo asubuhi, na jioni wamekaa wote kwetu wanakula viazi vitamu vyangu. Mpe Leonida pole kwa mama yake, halafu mpe pole kubwa zaidi kwa ajili yako.

Katika miaka thelathini na miwili ya unesi nimeona masikio mengi kuliko wewe ulivyoona tembo. Nimetoa humo maharage, punje za mahindi, mende mzima anayetembea, na mara moja kifungo cha kanzu ya padri, kutoka sikio la mtoto ambaye mpaka leo hajaeleza alikipataje. Hakuna aliyekufa isipokuwa mende.

Unyoya urudishe kwa kuku. Usiingize kitu chochote humo tena, hata kama ni laini kiasi gani, na usitie mafuta wala maji kabla mtu hajakuangalia. Simu mpe Leonida. Kujipima nakupa ruhusa ya mara tatu kwa siku: ukiamka, mchana, na kabla ya kulala. Ukiitamani mara ya nne, shika jembe ukapalilie mpaka hamu iishe. Hamu inaisha, nimeiona ikiisha kwa watu wabishi kuliko wewe. Kisha nenda hospitali wakumulike kwa kitochi. Ni dakika mbili.

Na nisikilize, hapa sitanii. Likitoka usaha au damu, ukipata kizunguzungu cha kukuangusha, au mdomo ukienda upande, usiniandikie mimi. Nenda siku hiyo hiyo. Lakini ugonjwa unaoweza kusubiri basi la Digodigo, mara nyingi unaweza kukusubiri hata wewe upige foleni.

Kuhusu mwezi wa sita sikuelewa unasema nini.

Naishia hapa, mwanga umekuwa hafifu. Mzee ananiita tukale chakula cha mchana.

Shangazi yako,
Marsela


Karatu, 10 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Dagaa ninawasikitikia, barua niliifunga vizuri. Huku mvua imeanza, ndama anaitwa Sukari, na bosi wangu ana furaha, jambo ambalo ni baya. Nitakueleza kwa nini.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kreta na wageni sita wazee kutoka Denmark. Mwenzangu Lengai alikuwa nyuma yangu na gari lake. Akaniita kwenye redio, na redio iko upande wa kushoto. Alisema, "Wili, tairi lako la nyuma limekwisha upepo." Mimi nikasikia, "Wili, faru yuko nyuma, amekula upepo." Nikageuka nikawatangazia wageni kwa heshima zote kwamba kuna faru. Nikageuza gari. Nikaendesha kilomita nzima juu ya rimu, nikishangaa barabara ilivyoharibika.

Lengai akanikamata karibu na msitu wa Lerai. Akashuka, akaanza kunisaidia kufungua tairi huku akinitukana kwa Kimaa, matusi ya ng'ombe wote wa ukoo wake. Na hapo, Shangazi, naapa, faru akatoka kwenye majani. Mkubwa. Akatutazama kama mtu anayesoma tangazo, akaendelea na shughuli zake. Mama mmoja wa Kidenishi alilia kwa furaha.

Wale wazee wamemwandikia bosi kwamba dereva wake anasikia faru kutoka kilomita moja. Bosi ameibandika barua ukutani ofisini. Sasa wageni wananiomba kwa jina. Nitamwambiaje mtu huyo kwamba nina sikio moja?

Maagizo yako nayafuata. Simu anayo Leonida. Najipima mara tatu. Hospitali nilikwenda, ila foleni ilikuwa ndefu.

Mwanao,
Wilibrodi

Shangazi shikamoo, ni mimi Leonida, naongeza hapa chini kabla sijaifunga. Hospitali alifika getini, akanunua karanga, akarudi. Simu alinipa kweli, lakini amenunua nyingine, anaificha kwenye gunia la pumba. Ng'ombe alikuwa wa kwanza kugundua. Kujipima ni mara tatu mbele yangu. Na kuna jambo hakuandikii. Akitoka kuoga anasimama kwenye kioo ananiuliza, "Nimeshafanana na baba?" Mimi baba mkwe sikumwona, nitamjibu nini?


Digodigo, 2 Aprili 2024

Mwanangu, marahaba. Leonida, marahaba na wewe, na asante kwa kuwa mpelelezi.

Sisi wazima. Mfereji umejaa, barabara imekatika mara mbili, na nimemtilia Mzee chumvi kwenye chai badala ya sukari. Akanywa yote bila kusema, ndiyo maana nimeishi naye.

Wilibrodi, karanga hazitibu sikio. Rudi pale getini, mara hii uingie. Simu ya pumba mpe ng'ombe kabisa.

Sina la ziada.

Marsela


Karatu, 14 Aprili 2024

Shangazi, shikamoo. Tu wazima. Ndama mzima. Mvua nyingi.

Hukumjibu Leonida kuhusu baba. Basi nauliza mwenyewe, na nimeandika karatasi hii mara tano.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nakumbuka ameshika kichwa upande mmoja. Nakumbuka mnasema "sikio" halafu mnaninyamazia. Nakumbuka alikuwa na miaka arobaini na moja, kwa sababu iliandikwa kwenye msalaba. Hakuna aliyenieleza.

Getini nilirudi. Mara mbili. Najua kwamba nikiingia nitaulizwa, "Kwenu kuna aliyewahi kuugua hivi?" na sitakuwa na jibu, au nitakuwa nalo.

Baba alikufa na nini?

Wilibrodi


Digodigo, 30 Mei 2024

Mwanangu Wilibrodi,

Nimechelewa kukujibu wiki sita. Utaambiwa ni mvua. Mvua hapa iliisha tarehe kumi. Ni mimi.

Kaka yangu Yosefu alikuwa na sikio linalotoa usaha tangu tukiwa watoto tunachunga. Lilikuja, likaenda, tukalizoea kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani. Mwaka ule wa tisini na nne likaanza kumuuma kwa ndani, akawa na homa za jioni. Alikuja kunitembelea kazini. Nilikuwa na gauni jeupe na kofia, najiona mkubwa. Akasema, "Marsela, sikio hili litaniua." Nikamwambia, "Yosefu, sikio haliui mtu, wewe ni mwoga tu tangu sindano ya shule." Tukacheka wote wawili. Alicheka sana, kwa sababu alitaka iwe kweli. Akarudi kuvuna ngano.

Alikuwa anaogopa, na nilijua anaogopa. Kumtania kulikuwa rahisi kuliko kumshika mkono nimwingize kwa daktari, mlango wa tatu kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Wiki tano baadaye usaha ulikuwa umeingia kichwani, na dawa zikachelewa. Ndivyo alivyokufa baba yako. Si laana, wala si damu ya ukoo. Lilikuwa sikio bovu lililoachwa miaka thelathini.

Wewe tangu utoto sikio lako halijatoa hata tone, nilikuogesha, najua. Lakini mimi si kitochi, na niliwahi kukosea nikiwa na uhakika kama huu. Kwa hiyo sikutanii. Chagua siku, umwambie Leonida, aingie na wewe akiwa amekushika mkono. Daktari akikuuliza ya kwenu, msomee karatasi hii.

Ninachokiona mimi ni hiki. Baba yako aliumwa akajifanya haumwi. Wewe umeugua ini, figo na moyo, ili usilazimike kuuliza swali moja. Umeliuliza. Lililobaki ni dogo.

Shangazi yako


Karatu, 16 Juni 2024

Shangazi wangu, shikamoo, tena shikamoo.

Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa ndani ya gari, nimezima injini. Sikukasirika. Nilidhani nitakasirika. Nilimwona tu baba akicheka, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alikuwa akicheka.

Jumatatu tukaingia, Leonida amenibana mkono kama polisi. Daktari ni binti mdogo, anaitwa Beatrice. Nikamsomea karatasi yako yote, hata ile ya sindano ya shule. Hakucheka. Akaweka kitochi sikioni, akanyamaza. Shangazi, hujui urefu wa ukimya wa daktari. Akaita mwenzake naye aangalie. Nikaanza Salamu Maria, nikaichanganya na yale maelekezo ninayowapa wageni, nikajikuta naomba Mama wa Mungu asitoe mikono nje ya gari.

Kisha daktari akaniuliza, "Baba, unafuga kuku?"

Ni nta, Shangazi. Nta kavu, na katikati yake kipande cha unyoya wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeusukuma uchafu mpaka ndani kama mtu anayejaza gobore. Akanipa dawa ya matone ya siku tano, niendelee nayo nyumbani, kisha nikarudi wakaosha kwa maji ya uvuguvugu. Kilichotoka kilikuwa kama punje ya kahawa yenye manyoya. Leonida aliomba wamfungie aende nacho nyumbani. Halafu nikasikia feni. Nikasikia viatu vya watu koridoni, nikasikia Leonida anavyocheka upande wa kushoto, na nilikuwa sijui kama nimeumisi upande huo. Ngoma ya sikio ni nzima. Daktari amesema.

Nilidhani hofu itatoka pamoja na ile punje. Ilitoka nusu. Siku ileile jioni goti la kulia likaanza. Nikaenda kwenye gunia la pumba, nikasimama, nikamwambia Leonida, "Naomba jembe." Nikapalilia mistari minne ya mbaazi. Wakati wa chakula nikakumbuka kwamba nimelisahau goti.

Bosi nimemweleza ukweli wa faru. Amenisihi nisimwambie mtu.

Sasa zamu yako. Kichwa changu kimepata nafasi, nikazipanga barua zako zote mezani kwa tarehe. Mwezi wa pili uliandika kwamba mwanga umekuwa hafifu, na mstari unaofuata ukasema Mzee anakuita mkale chakula cha mchana. Mwezi wa nne ukatia chumvi kwenye chai. Hii ya mwisho mistari imepandana, na herufi ni kubwa kama za bango la duka. Dereva wa basi anasema ulinyoosha mkono kumsalimia, ukaishia kuisalimia nguzo ya kituo.

Nimesoma magonjwa mengi maishani na nimekosea yote. Hili sikosei. Una mtoto wa jicho, Shangazi. Tena macho yote mawili.

Mwanao aliyezibuka,
Wilibrodi


Digodigo, 8 Julai 2024

Wilibrodi,

Nimefurahi sana kwa sikio lako, nimemshukuru Mungu na kuku.

Macho yangu ni mazima. Kalamu ndiyo mbovu. Nguzo ile imehamishwa bila kunitaarifu. Mimi nimewapima watu macho kabla wewe hujazaliwa, kwa hiyo nakuomba sana usi


Karatu, 25 Julai 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika. Sentensi ya mwisho haimo kwenye karatasi. Nadhani uliimalizia mezani. Mwombe Mzee aisome aninakilie, nisije nikakosa maagizo muhimu.

Nimechukua likizo kuanzia tarehe ishirini Septemba. Nitakuja na gari. Nitakupeleka hospitali ya macho Arusha, nitaingia na wewe mpaka ndani, na sitanunua karanga. Mzee amekubali; tulizungumza kwa simu, alipanda jiwe mwenyewe. Ukikataa, naanza tena kupiga mara kumi na nne kwa siku, na nitaanzia kwenye kongosho.

Lakini niambie kitu kimoja. Wewe nesi, unaijua operesheni hiyo kuliko mimi. Unaogopa nini?

Mwanao,
Wilibrodi


Digodigo, 3 Novemba 2024

Mwanangu Wilibrodi,

Tu wazima huku. Mzee anakusalimu, amenenepa tangu nilipoanza kuona ninachopika. Nyumba yangu ni chafu, kumbe. Nimefagia siku tatu. Jirani wa mfereji ana ndevu, sikujua. Leonida mwambie asante kwa maziwa ya mama yake Sukari na kwa blanketi, na mwambie ile punje aitupe, si kitu cha kuweka kabatini karibu na vikombe.

Uliniuliza naogopa nini na sikukujibu, na njiani kote mpaka Arusha nilijifanya nimelala. Nitakujibu sasa. Nesi anawakumbuka waliokwenda vibaya. Waliopona waliondoka asubuhi na mapema na vikapu vyao, hawakurudi kunionyesha. Kwa hiyo kichwani mwangu kumejaa wale wengine tu, miaka thelathini na miwili ya wale wengine. Nikamweka na Yosefu mbele yao. Niliona afadhali nipapase kuta za nyumba yangu, ninazozijua, kuliko kulala kwenye kitanda kile nikiwa mimi ndiye mgonjwa. Ulivyonishika mkono kwenye ule mlango, nilitaka kukuambia kwamba unaniumiza. Sikukuambia, usije ukaulegeza.

Na kuna lingine, hili ndilo lililonikalisha leo niandike. Asubuhi ile nesi alipofungua bandeji ya kwanza, nilimwona mwanamume amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Nikanyamaza. Mkadhani sioni. Daktari akaniuliza mara mbili vidole vingapi, na wewe ukatoka nje mbio kwa kuwa uliona nalia, ukafikiri jicho limeharibika. Ulipata karibu magonjwa manne pale koridoni kabla hawajakurudisha, nesi ameniambia.

Jicho lilikuwa linaona vizuri mno. Nilimwona Yosefu. Paji lake, na namna yake ya kusimama ameegemea mguu mmoja. Ila alikuwa na mvi, hapa pembeni mwa masikio yote mawili na kwenye kidevu.

Kaka yangu hakufika kwenye mvi, Wilibrodi. Mimi nilizeeka peke yangu, sikuwahi kujua zingemkaaje. Zinamkaa vizuri sana.

Leonida asikudanganye. Usithubutu kuzipaka mvi zako piko nyeusi.

Marsela